Mopu za Mikrofaiba Hospitalini: Kutoka Dalili Inayoonekana Sakafuni hadi Chanzo Chake

Sakafu ya wodi ikianza kuonyesha mistari baada ya kudekiwa, au ikinata chini ya viatu, wasimamizi wengi huanza kwa kuagiza sabuni nyingine au kuongeza kipimo cha dawa. Mara nyingi hatua hiyo huzidisha tatizo, kwa kuwa chanzo hakimo ndani ya chupa. Kitambaa cha mikrofaiba kinapofika sakafuni kimekwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa: aliyekifua, aliyekikausha, aliyekihifadhi, aliyechanganya dawa na aliyekilowesha. Kosa la yeyote kati yao hujitokeza mbele ya anayedeki, na huyo ndiye anayelaumiwa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na kinachoonekana, kisha unarudi nyuma hatua kwa hatua hadi mahali kasoro ilipoingilia.

Ili kuzielewa dalili, ni lazima kwanza kuelewa kitambaa chenyewe kinavyofanya kazi. Uzi wa mikrofaiba ni mwembamba kiasi kwamba mita 9,000 za uzi mmoja hazifikii uzito wa gramu 1. Hutengenezwa kwa poliesta na poliamaidi (nailoni), mara nyingi kwa uwiano wa 80 kwa 20 au 70 kwa 30, na kiwandani kila uzi hupasuliwa kuwa vipande vyenye kingo kali na mifereji midogo kati yake. Kingo hukwangua uchafu ulioganda. Mifereji huvuta maji na kuushika uchafu huo usirudi sakafuni. Chochote kinachoziba mifereji hiyo, kinachoiyeyusha kwa joto au kinachoila kwa kemikali hukiacha kitambaa na rangi yake na umbo lake, lakini bila uwezo wake. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu kitambaa kilichokufa na kilicho hai huonekana sawa kikiwa kimekunjwa kabatini.

Uwezo huo umewahi kupimwa. Utafiti wa William Rutala, mtaalamu wa Marekani wa kudhibiti maambukizi, na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba mopu ya mikrofaiba iliyotumiwa na sabuni tu iliondoa asilimia 95 ya vimelea sakafuni, ilhali mopu ya nyuzi za pamba iliyotumiwa na sabuni iliondoa asilimia 68. Dawa ya kuua vimelea ilipotumiwa badala ya sabuni, pamba nayo ilifika asilimia 95, lakini mikrofaiba haikupata nyongeza yoyote. Kwa maneno mengine, kazi kubwa hufanywa na uzi wenyewe, na ndiyo maana sehemu ndefu ya mwongozo huu inahusu afya ya uzi huo kuliko majina ya dawa.

Dalili: sakafu ina mistari, ukungu au inanata baada ya kukauka

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na lina vyanzo visivyopungua vinne. Kabla ya kubahatisha, fanyeni jaribio moja rahisi. Chukueni kitambaa kipya kilichofuliwa mara moja bila kutumika, kiloweshwe kwa maji matupu, kisha kipitishwe kwenye nusu ya chumba. Nusu nyingine idekiwe kwa kitambaa cha kila siku na dawa ya kila siku. Sakafu ikauke. Ikiwa nusu zote mbili zina mistari, tatizo limo sakafuni, yaani kuna tabaka la sabuni ya zamani. Ikiwa ni nusu ya kila siku tu yenye mistari, tatizo limo ndani ya kitambaa au ndani ya ndoo.

Tabaka la zamani hutokana na sabuni iliyozidi kipimo kwa wiki au miezi. Mhudumu anayemimina kwa kukadiria kwa jicho humimina zaidi ya inavyotakiwa karibu kila mara, kwa imani njema kabisa kwamba povu jingi ni usafi mwingi. Sabuni isiyosuuzwa hubaki sakafuni, hunasa vumbi la viatu na magurudumu, na kesho yake sakafu huonekana chafu mapema zaidi, hivyo kipimo huongezwa tena. Njia ya kuvunja mzunguko huu ni kudeki kwa maji safi ya uvuguvugu, kwa vitambaa vipya vinavyobadilishwa mara kwa mara, kwa awamu mbili au tatu, hadi kitambaa cheupe kilicholoweshwa kikisuguliwa sakafuni kisitoe povu. Baada ya hapo kila ndoo iwe na alama ya ujazo wa maji na kila chupa iwe na kikombe chake cha kupimia. Bila vifaa hivyo viwili, mafunzo yoyote kuhusu kipimo hayatadumu zaidi ya zamu chache.

Chanzo cha pili ni kitambaa kimoja kulazimishwa eneo kubwa kuliko uwezo wake. Mifereji ya uzi ikijaa, kitambaa huanza kuutandaza uchafu badala ya kuubeba, na dalili yake ni wazi: mwanzo wa chumba ni safi, mwisho wake una mistari. Katika vyumba vya wagonjwa kanuni bora ni kitambaa kimoja kwa chumba kimoja, na katika korido kitambaa kibadilishwe kwa kufuata eneo ambalo mtengenezaji amelitaja, au mapema zaidi kikionekana kuwa na uchafu.

Chanzo cha tatu ni kuruka hatua ya kuondoa vumbi. Mopu yenye unyevu ikikutana na nywele, vumbi la blanketi na vipande vya karatasi, huvigeuza kuwa matope membamba. Vumbi liondolewe kwanza kwa kitambaa kikavu cha mikrofaiba kinachosukumwa mbele bila kuinuliwa. Ufagio mkavu hautakiwi mahali wagonjwa walipo, kwa sababu hurusha hewani kile tunachotaka kukiondoa.

Maji ya chumvi ndiyo chanzo cha nne. Huacha ukungu mweupe ambao hauondoki kwa sabuni ya kawaida. Ikiwa ukungu unatokea hata mnapodeki kwa maji matupu kwenye sakafu iliyokwisha kusuuzwa, chunguzeni maji yenyewe.

Dalili: kitambaa kinasukuma maji badala ya kuyanywa

Mimineni kijiko cha maji juu ya meza laini, wekeni kitambaa juu yake bila kukandamiza, kisha kiinueni. Kitambaa kizima huacha meza karibu kavu. Kilichoharibika huacha vitone au hulisukuma dimbwi pembeni. Pitisheni pia kiganja kikavu juu yake. Kitambaa kizima hukwamakwama kwenye ngozi, hasa yenye mikwaruzo midogo, ilhali kilichoharibika huteleza kama nguo ya kawaida au hukwaruza kama plastiki. Majaribio haya mawili hayachukui hata dakika 1, na yanafaa kufanywa kila wiki kwa vitambaa vichache vinavyotolewa bila kuchagua kutoka kwenye rundo lililorudi kutoka chumba cha kufulia.

Kikiteleza na kusukuma maji, mshukiwa wa kwanza ni dawa ya kulainisha nguo. Dawa hiyo imeundwa kwa ajili ya kufunika uzi kwa utando laini, jambo linalofaa kwa shuka na lisilofaa kabisa kwa mikrofaiba, kwa kuwa utando huo huziba mifereji yote. Mara nyingi hakuna mtu aliyekusudia kosa hili: vitambaa vilitiwa katika mashine iliyokuwa imepangwa programu ya shuka, na dawa ikaingia yenyewe. Kwa bahati nzuri hali hii hurekebishika. Fueni vitambaa hivyo mara mbili au tatu kwa maji ya moto na sabuni kidogo, bila dawa ya kulainisha, vikisuuzwa kwa maji mengi, kisha rudieni jaribio la kijiko cha maji.

Kikiwa kigumu na chenye kukwaruza, mshukiwa ni joto, na hapa hakuna tiba. Ncha za uzi zikiyeyuka, hata kidogo tu, hujikunja na kufunga mifereji moja kwa moja. Kwa kawaida kosa hutokea kwenye mashine ya kukaushia kuliko kwenye ile ya kufulia. Vitambaa vya mikrofaiba hukauka haraka sana, hivyo vikichanganywa na taulo nzito za pamba huendelea kuchomwa kwa muda mrefu baada ya kukauka vyenyewe, huku mashine ikizisubiri taulo. Vikaushwe peke yake, kwa joto la chini.

Pamoja na hayo, joto la kufulia lisishushwe kwa hofu hadi vimelea vikabaki hai. Mwongozo wa huduma za afya wa Uingereza hukubali nyuzi joto 65 za Selsiasi kwa dakika zisizopungua 10, au nyuzi joto 71 kwa dakika zisizopungua 3, muda huo ukihesabiwa baada ya mzigo wote kufikia joto hilo. Mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, hutaja nyuzi joto 71 kwa dakika 25. Vitambaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya hospitali huvumilia viwango hivyo, lakini lebo ya mtengenezaji ndiyo yenye kauli ya mwisho kuhusu kiwango cha juu kabisa. Kitambaa kisichoweza kufikia joto hilo hakifai kununuliwa na hospitali, hata kikiwa rahisi namna gani.

Kikiwa kimejaa manyoya meupe kama ya shuka, chanzo ni kufuliwa pamoja na pamba. Kingo zile zile zinazoshika uchafu sakafuni hushika pia nyuzi za pamba ndani ya mashine, na manyoya hayo hurudi wodini. Mikrofaiba ifuliwe kwa mzigo wake peke yake, na mashine isijazwe kupita kiasi, la sivyo maji hayatapita kati ya vitambaa na uchafu hautatoka.

Kikianza kukatika, kupauka na kutoa nyuzi zake chenyewe ilhali bado ni kipya kwa hesabu ya mafuo, tafuteni klorini. Klorini hula poliamaidi polepole, iwe imetiwa katika mashine ya kufulia au imetumiwa sakafuni kila siku. Tatizo ni kwamba katika vyumba vingine klorini haiepukiki, kama itakavyoelezwa hapa chini. Suluhisho ni kutenganisha: vitambaa vya kazi ya kila siku vitumike kwa sabuni, na kwa vyumba vinavyohitaji klorini vinunuliwe vitambaa ambavyo mtengenezaji ameandika kwamba vinaivumilia, au vile vya kutumika mara moja na kutupwa.

Dalili: mopu inatoa harufu mbaya

Harufu ya uvundo inayotoka kwenye kitambaa kilichofuliwa karibuni ina maana moja tu, nayo ni kwamba bakteria wameota ndani yake. Kitambaa kilichohifadhiwa na unyevu, kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kukauka, au kilichokaa usiku kucha ndani ya ndoo yenye dawa iliyozimuliwa, huwa ni shamba la vimelea badala ya kuwa kifaa cha usafi. Wapo bakteria, wakiwamo wa jamii ya Pseudomonas na Serratia, wanaoweza kuishi na hata kuongezeka ndani ya baadhi ya dawa zilizozimuliwa kupita kiasi au zilizokaa muda mrefu. Kwa hiyo desturi ya kuongeza maji na dawa juu ya mabaki ya jana ikomeshwe. Ndoo imwagwe, ioshwe, ikaushwe ikiwa imepinduliwa, na mchanganyiko mpya ufanywe kila siku au kila zamu kwa kufuata lebo.

Vitambaa vilivyotumika navyo visingoje. Viwekwe katika mfuko wao vikiwa vimetengwa na vilivyo safi, vipelekwe kufuliwa siku hiyo hiyo, na vikirudi vihifadhiwe vikiwa vikavu kabisa kwenye rafu iliyofunikwa. Kitambaa chenye harufu kisipelekwe wodini eti kwa kuwa dawa itaimaliza.

Dalili: mopu ni nzito kusukuma, au inakwama

Mara nyingi kitambaa kimeloweshwa kidogo mno, au sakafu ina lile tabaka la sabuni lililokwisha kuelezwa. Kwenye sakafu zenye chembechembe za kuzuia kuteleza, chagueni kitambaa chenye nyuzi ndefu zaidi, kwa kuwa kile chenye nyuzi fupi hupita juu ya vilele tu na kuacha uchafu mabondeni. Mpini pia uangaliwe: urefu wake urekebishwe ufike karibu na kidevu cha mtumiaji, ili mgongo ubaki umenyooka.

Dalili: sakafu inang'aa, lakini vipimo vya vimelea vinaonyesha vibaya

Hapa ndipo penye hatari ya kweli, kwa sababu dalili haionekani kwa macho. Hugunduliwa pale timu ya kudhibiti maambukizi inapochukua sampuli, au pale wagonjwa wa wodi moja wanapoanza kupata maambukizi yanayofanana. Wako wanaosema sakafu haina umuhimu kwa kuwa mgonjwa haigusi kwa mkono. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali 5 za eneo la Cleveland, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2017 unaonyesha vingine: katika asilimia 41 ya vyumba 100 vyenye wagonjwa vilivyokaguliwa, vitu vinavyoshikwa mara kwa mara vilikutwa vikiwa vimegusa sakafu. Kinachoanguka huokotwa na kurudishwa kitandani, na kile kilichokuwa sakafuni hupanda pamoja nacho.

Chunguzeni kwanza kama kitambaa kinarudishwa ndoani. Faida kubwa ya mikrofaiba ya hospitalini ni kwamba vitambaa vinaweza kuloweshwa vyote kabla ya kazi kuanza: hupangwa ndani ya ndoo yenye mfuniko, dawa iliyopimwa humiminwa juu yao, huachwa hadi unyevu usambae sawasawa, kisha kila kimoja hutolewa, hutumika na kuingia moja kwa moja katika mfuko wa vitambaa vichafu. Mhudumu anayekichovya tena kitambaa kilichotumika, hata mara moja tu, amekwisha kuichafua dawa yote iliyobaki, na kila chumba kinachofuata hupokea sehemu ya chumba kilichotangulia. Nimeona kosa hili likifanywa na wahudumu wenye bidii kubwa, kwa sababu tu walipewa vitambaa 6 kwa wodi yenye vyumba 15. Katika hali hiyo kumkemea mhudumu ni dhuluma. Hesabuni vitambaa kwanza. Idadi itoshe matumizi ya siku, pamoja na vile vilivyoko kwenye kufuliwa, pamoja na akiba.

Pili, tazameni dawa inayotumika na kitambaa chake kama vinapatana. Dawa za kundi la amonia ya daraja la nne, zinazotumika sana hospitalini, hujishika kwenye nyuzi za pamba, kiasi kwamba nguvu ya dawa inayofika sakafuni hupungua chini ya ile iliyopimwa ndoani. Poliesta haina tabia hiyo kwa kiwango kile, lakini baadhi ya vitambaa vinavyouzwa kwa jina la mikrofaiba vina pamba au nyuzi nyingine za mimea ndani yake. Njia ya uhakika ni kupima kwa vibanzi vya kupimia dawa hiyo: pimeni mchanganyiko ukiwa ndoani, kisha pimeni maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye kitambaa kilicholowa kwa muda wa kawaida. Tofauti kubwa kati ya vipimo hivyo viwili inatosha kuwa ushahidi, na hapo mtabadilisha kitambaa au dawa.

Tatu, pimeni muda ambao sakafu hubaki na unyevu. Kila dawa ya kuua vimelea ina muda wake wa kugusana na sakafu ulioandikwa kwenye lebo, na kwa nyingi ni kati ya dakika 1 na 10. Mikrofaiba huacha unyevu mdogo, jambo zuri kwa usalama wa watembeaji, lakini katika chumba chenye joto au feni unyevu huo unaweza kukauka kabla dawa haijamaliza kazi. Tumieni saa, msikadirie. Ikiwa sakafu inakauka ndani ya dakika 3 na lebo inataka 5, ongezeni kiasi cha maji ya kuloweshea kila kitambaa au punguzeni eneo la kila kitambaa, na feni izimwe wakati wa kazi.

Nne, ulizeni ni kimelea gani kilichopatikana. Ikiwa ni Clostridioides difficile, bakteria anayesababisha kuhara kukali hasa kwa wagonjwa waliotumia antibiotiki, basi dawa za amonia ya daraja la nne hazitamuua, hata zikipimwa kwa usahihi mkubwa, kwa kuwa bakteria huyo hujikinga ndani ya spora, yaani umbo lake lenye ganda gumu. Chumba cha mgonjwa huyo huhitaji dawa yenye uwezo uliothibitishwa dhidi ya spora, kama klorini yenye nguvu isiyopungua sehemu 1,000 kwa milioni, baada ya sakafu kusafishwa kwanza kwa sabuni. Mpangilio huo una sababu yake: klorini inayokutana na uchafu hutumika kwa uchafu na kuisha nguvu kabla ya kuifikia spora.

Mwisho, simameni mlangoni mtazame mwendo wa kazi, bila kusema neno. Kazi inatakiwa kuanza juu na kuishia chini, hivyo meza, reli za kitanda na vishikio vya milango visafishwe kabla ya sakafu. Sakafuni ianzie upande wa ndani ulio safi zaidi na kuja mlangoni, choo cha chumba kikiwa cha mwisho na chenye kitambaa chake. Mopu iende kwa mkondo wa namba nane, kila mkondo ukigusa kidogo ule uliotangulia, na ukingo wa mbele ubaki kuwa ule ule ili uchafu uliokusanywa usiachwe nyuma. Mkisikia mopu ikiinuliwa na kupigwapigwa katikati ya chumba, mmeshapata moja ya sababu.

Rangi husaidia sana katika kuzuia kitambaa cha choo kisiingie wodini. Uingereza mwaka 2007 ilipendekeza kwa hospitali zake nyekundu kwa vyoo na bafu, bluu kwa maeneo ya jumla, kijani kwa mahali pa chakula na njano kwa vyumba vya kutenga wagonjwa. Hospitali inaweza kuchagua mpangilio mwingine, mradi uwe mmoja kwa majengo yote na ubandikwe ukutani pale mikokoteni inapopakiwa. Rangi hizo ziheshimiwe hadi ndani ya chumba cha kufulia.

Neno kuhusu vipimo vyenyewe. Mashine ya kupima ATP, kemikali iliyomo ndani ya seli hai, husoma mabaki ya viumbe hai kwa jumla, haitaji jina la kimelea, na masalio ya baadhi ya dawa huweza kuyumbisha usomaji wake. Jeli inayoonekana kwa mwanga wa urujuanimno pekee, ikipakwa kwa siri kwenye kona kabla ya kazi, huonyesha kama mopu ilifika hapo au haikufika. Hutumika vizuri zaidi kwa kufundishia. Ikigeuzwa mtego wa kuwanasa watu, wahudumu wataficha makosa, na makosa yaliyofichwa hayarekebishiki.

Dalili: damu au majimaji ya mwili yamesambaa baada ya kudekiwa

Mopu ya kawaida haikupaswa kutumiwa hapo. Damu iliyomwagika hufyonzwa kwanza kwa karatasi au vitambaa vya kutupwa, mhudumu akiwa amevaa glavu na vifaa vingine vya kujikinga, na takataka hizo huingia katika mfuko wa taka hatarishi. Kisha mahali pale husafishwa kwa sabuni, ndipo hutakaswa kwa dawa. Kwa mmwagiko mkubwa wa damu hutumika klorini ya asilimia 0.5. Ikiwa dawa ya klorini mliyonayo ina nguvu ya asilimia 5, changanyeni sehemu 1 ya dawa na sehemu 9 za maji. Kwa asilimia 0.1, ambayo ni sawa na sehemu 1,000 kwa milioni, changanyeni sehemu 1 na sehemu 49. Hesabu hii hubadilika nguvu ya dawa ikibadilika, kwa hiyo someni chupa kila shehena mpya inapofika.

Klorini isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala na dawa yenye amonia, kwa sababu hutoa gesi za sumu. Isimwagwe pia moja kwa moja juu ya mkojo mwingi kabla haujafyonzwa. Mhudumu akihisi macho yanawasha au kifua kinabana, aache kila kitu, atoke nje, milango na madirisha yafunguliwe na msaada wa tabibu utafutwe.

Dalili: madoa yasiyotoka

Doa la kahawia kwenye vitambaa vilivyofuliwa kwa klorini mara nyingi hutokana na klorheksidini, dawa ya kusafishia ngozi kabla ya upasuaji, ambayo hubadilika rangi inapokutana na klorini. Kurudia kufua kwa klorini zaidi hulikaza doa. Vitambaa vya vyumba vya upasuaji vifuliwe bila klorini.

Mabaka meupe au yanayonata chini ya visambaza vitakasa mikono husababishwa na alkoholi inayodondoka na kuyeyusha nta ya sakafu. Hakuna mopu itakayorudisha nta iliyoyeyuka. Wekeni trei ya kukinga matone, kisha mwombe fundi wa sakafu aondoe nta ya eneo hilo na kuipaka upya.

Dalili: sakafu inateleza

Kama inateleza ikiwa na unyevu tu, kitambaa kimeloweshwa kupita kiasi, au eneo halikufungwa kwa alama ya tahadhari hadi likauke. Katika korido, dekini nusu moja ya upana huku nyingine ikiachwa kavu kwa wapitaji. Kama inateleza hata ikiwa kavu, rejeeni kwenye tabaka la sabuni, na ulizeni pia kama kuna aliyetumia dawa ya kung'arisha fanicha karibu na hapo, kwa sababu mvuke wake hutua sakafuni.

Unapofanya marekebisho

Badilisheni jambo moja kwa wakati mmoja, kwenye chumba kimoja au viwili, kwa muda wa wiki nzima. Mkibadilisha kitambaa, dawa na kipimo siku moja, hata mkifanikiwa hamtajua kilichofanikisha, na tatizo likirudi mtaanza upya. Andikeni tarehe ya kuanza kutumia kila fungu la vitambaa kwa wino usiofutika kwenye lebo zake, ili mafuo yahesabike kwa kukisia siku. Watengenezaji wengi huahidi mamia ya mafuo, lakini ahadi hiyo hutegemea joto na kemikali walizozitaja, hivyo jaribio la kijiko cha maji lina uzito kuliko hesabu. Kitambaa kilichoshindwa jaribio hilo baada ya kufuliwa upya mara tatu kikatwe kona moja ili kisirudi tena wodini, na kipelekwe kwenye kazi za gereji au bustani.